Prodyuza anataka nusu ya wimbo wangu, nikubali?

SWALI: Habari ya kazi dada. Mimi ni msichana wa miaka 22, niko Eldoret, kwetu muziki wa kantri umepigwa tangu sijazaliwa. Naandika nyimbo zangu mwenyewe na gita najua kiasi. Nampenda sana Dolly Parton, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani, nataka kujua alianza kama mwimbaji ama kama mwandishi, na alipandaje mpaka akafika pale. Halafu kuna prodyuza huku amesikia wimbo wangu mmoja, anasema atanirekodia bure lakini tumwandike na yeye kuwa mtunzi, apate nusu. Marafiki wananiambia nikubali tu maana pesa ya studio sina. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, usisaini kitu kwanza. Maswali yako mawili jibu lake ni moja, na ntalipitisha kwa Dolly mwenyewe.

Dolly kazaliwa 1946 milimani huko Tennessee, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili, na daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi kwa sababu hela haikuwepo. Mjomba wake Bill Owens ndo alimshika mkono, akiwa na miaka kama 10 alishaanza kuimba kwenye vipindi vya redio na TV mjini Knoxville, na miaka 13 akapanda jukwaa la Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha redio cha muziki wa kantri. 1964 kamaliza sekondari, kesho yake kapanda basi la Nashville, mji wa muziki wa kantri.

Sasa hapa ndo pa kusoma taratibu. Lebo (kampuni ya kurekodi) ya kwanza iliyomchukua mjini haikutaka aimbe kantri, walisema sauti yake haifai, wakamsukumia kwenye pop na pop haikwenda popote. Kilichomtoa ni kalamu. 1966 wimbo aliotunga na mjomba wake ukaimbwa na mtu mwingine, Bill Phillips, ukapanda chati za kantri, watu wakaanza kuulizana yule binti anayemwitikia Bill nyuma ni nani, kumbe ni Dolly, ndipo lebo ikamruhusu aimbe alichokuwa anakitaka siku zote. Kwa hiyo kuimba aliimba tangu utoto ila mlango ulifunguliwa na utunzi. Mwaka uliofuata Porter Wagoner, nyota wa kantri, akamchukua kwenye kipindi chake cha TV, wakawa pamoja miaka saba mpaka 1974 alipoamua kusimama mwenyewe, na wimbo wa kumuaga Porter ndo ule I Will Always Love You, ukafika namba moja ya kantri mwaka huohuo.

Akaja Elvis Presley kuutaka. Hebu jiweke wewe hapo, Elvis mwenyewe! Kila kitu kimepangwa, meneja wake Colonel Parker anapiga simu anasema Elvis harekodi wimbo mpaka tupate nusu ya haki za utunzi. Dolly akakataa. Amesimulia mwenyewe kwamba alilia usiku kucha, lakini alikataa. 1992 Whitney Houston akauimba kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard, ukakaa namba moja Marekani wiki 14, na huko kwao redio ya kawaida ikipiga wimbo inamlipa mtunzi na mwenye haki za utunzi, mwimbaji halipwi. Yaani kila redio ya Marekani ilipompiga Whitney, mtunzi aliyelipwa ni Dolly, na fungu lake lilikuwa zima.

Kwetu Kenya sheria ni tofauti kidogo, mwimbaji na mwenye rekodi nao wana haki yao, na hapo ndo pa kuongelea na huyo prodyuza. Kazi yake ya studio ni kweli ina thamani, asifanye bure. Mpe asilimia ya mapato ya hiyo rekodi, au mkubaliane umlipe kidogo kidogo, lakini jina la mtunzi libaki lako. Kama kweli amebadilisha melodi au ameandika ubeti basi anastahili sehemu yake na umpe bila kinyongo, ila kubonyeza mashine si kutunga. Kabla hujarudi kwake sajili wimbo KECOBO, ile Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, halafu mkiongea muandike kwenye karatasi msaini wote wawili. Akikataa, tafuta mwingine, na wakati unatafuta endelea kuandika, usikae na huo mmoja tu.

SWALI: Dada naomba utusaidie kumaliza ubishi wa kazini, Dolly Parton na Kenny Rogers, yule mwimbaji mwenzake wa kantri, walikuwa mke na mume ama la? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hapana, walikuwa marafiki wa miaka mingi tu. Mume wa Dolly alikuwa Carl Dean, fundi wa kutandaza lami, walikutana siku ileile ya kwanza aliyofika Nashville nje ya duka la kufulia nguo, wakaoana 1966 na wakaishi pamoja mpaka Carl alipofariki Machi 2025. Na kwa kuwa leo tunaongelea utunzi, ule wimbo wa Kenny na Dolly wa 1983, Islands in the Stream, hakuuandika Kenny wala Dolly, ni wa ndugu watatu wa kundi la Bee Gees, Barry, Robin na Maurice Gibb, kwa hiyo hela ya utunzi ni ya kina Gibb.