X-Men "namba 1" ziko ngapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nauza vitabu na majarida yaliyotumika hapa Mwanza. Nimenunua boksi la majarida ya katuni ya X-Men ya miaka tofauti tofauti, na kila nikijaribu kuyapanga kwa namba nakwama. Nina "namba 1" tatu zisizofanana. Nina toleo la 1973 ambalo hadithi yake inaonekana ni ya miaka ya sitini, na Wolverine hayumo. Pia kuna jarida linalotoka namba 35 na kurukia 600. Halafu kuna mteja anaitaka ile namba 1 ya 1991, nami sijui nimtajie bei gani. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Anza kwa kutoliamini jalada. Kazi ya jalada ni kuuza. Taarifa za kweli ziko ndani, kwenye aya ya maandishi madogo ambayo kwa kawaida hukaa chini ya ukurasa wa kwanza au nyuma ya jalada la mbele. Hapo utakuta jina kamili la jarida, namba, mwezi, mwaka na mchapishaji. Sisi tunaoorodhesha majarida maktabani tunafuata aya hiyo, kisha tunaongeza mwaka ambao mfululizo wenyewe ulianza: X-Men (1963), X-Men (1991), na kadhalika. Pitia boksi zima hivyo, uweke kila mfululizo rundo lake, kabla hujapanga namba hata moja.

Sasa hilo toleo lako la 1973. X-Men ilianzishwa na Stan Lee na mchoraji Jack Kirby katika kampuni ya Marvel. Namba 1 ina tarehe ya Septemba 1963, ingawa iliingia madukani Julai. Mwezi wa jaladani zamani ulikuwa unatangulia kwa miezi miwili mitatu ili jarida lisionekane limechacha likiwa bado rafuni. Wahusika walikuwa vijana watano na profesa wao: Cyclops, Marvel Girl, Beast, Angel na Iceman. Jarida lilitoka kila baada ya miezi miwili. Marvel ya siku hizo ilikuwa inasambaziwa majarida na kampuni iliyomilikiwa na mshindani wake mkubwa, wachapishaji wa Superman, na iliruhusiwa kutoa majarida machache tu kwa mwezi. Ndiyo maana majina mengi yalikuwa yakipokezana zamu. X-Men ilipata kutoka kila mwezi kuanzia namba 14, Novemba 1965.

Haikuwahi kuwa kipenzi cha watu wakati huo. Kirby aliondoka, waandishi na wachoraji wakabadilishana, na hata kazi nzuri sana ya mwandishi Roy Thomas na mchoraji Neal Adams ya mwaka 1969 haikuiokoa. Namba 66, ya Machi 1970, ikawa ya mwisho kuwa na hadithi mpya. Lakini jarida halikufa. Desemba mwaka huohuo likarudi na namba 67, ndani mna hadithi za namba 12 na 13 zilizochapishwa upya. Likaendelea hivyo, hadithi za zamani chini ya majalada mapya, hadi namba 93 ya Aprili 1975. Hilo lako la 1973 limo katika kundi hili. Si bandia wala halikukosewa kiwandani. Liweke mahali pake kwa namba, ila mwambie mnunuzi wazi kwamba hadithi ni ya marudio, maana wapo wanaozikwepa na wapo wanaozitafuta hizohizo kwa sababu zinapatikana kwa bei nafuu.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ambayo wakusanyaji wengi huijali kuliko zote. Mwaka 1975 mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walitoa jarida nene lenye jina tofauti, Giant-Size X-Men namba 1, na ndani yake kikaingia kikosi kipya kutoka nchi mbalimbali: Wolverine wa Kanada, Nightcrawler wa Ujerumani, Colossus wa Urusi ya Kisovyeti, na Storm, aliyekutwa Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. (Kenya ile ya katuni ina mbuga, ngoma na watu wanaosubiri mvua, basi. Nairobi ya 1975 ilikuwa na bunge, chuo kikuu na msongamano wa matatu, lakini mchoraji hakufika huko. Storm mwenyewe, kwa bahati, amekua kuliko ukurasa aliozaliwa.)

Mpango ulikuwa jarida hilo nene liendelee kutoka mara nne kwa mwaka. Wakabadili mawazo. Hadithi iliyoandaliwa kwa ajili ya Giant-Size namba 2 ikakatwa vipande viwili na kuwekwa kwenye jarida la kawaida, namba 94 na 95. Kwa hiyo namba 93 ni marudio ya wale vijana watano, na namba 94, ya Agosti 1975, inaanza na watu ambao msomaji hajawahi kuwaona. Giant-Size namba 1 inasimama katikati yao ingawa si ya mfululizo ule. Ukiipata, iweke kati ya 93 na 94, mwiko wa kikatalogi usikusumbue. Giant-Size namba 2 nayo ipo, lakini ni marudio ya kazi za Adams, kwa hiyo haihitaji kukaa hapo.

Kuanzia namba 94 mwandishi alikuwa Chris Claremont, na hakuachia kalamu hadi 1991. Kwa maoni yangu ukweli huu mmoja unaeleza umaarufu wa X-Men kuliko sinema zote. Miaka kumi na sita mwandishi mmoja, wahusika wanakua, wanakosana, wanakufa. Alipofanya kazi na mchoraji John Byrne, kati ya namba 108 na 143, ndipo ilipotoka hadithi ya Dark Phoenix (namba 129 hadi 138, mwaka 1980) na ile ya wakati ujao wenye giza kwenye namba 141 na 142. Kifo cha Jean Grey (yule Marvel Girl wa mwanzo, ambaye sasa ndiye Phoenix) katika namba 137 hakikuwa mpango wa waandishi tangu mwanzo. Mhariri mkuu Jim Shooter alikataa mhusika aliyeangamiza sayari nzima aachiwe hivihivi, na mwisho wa hadithi ukaandikwa upya.

Katika miaka hiyohiyo jina linaanza kukuchezea. Jaladani neno Uncanny linaonekana tangu namba 114, mwaka 1978. Kwenye aya ya ndani jarida bado ni The X-Men hadi namba 141, na Uncanny X-Men linakuwa jina rasmi kuanzia namba 142, Februari 1981. Namba haikuvunjika, kwa hiyo rundo ni moja: 1963 hadi namba 544 mwaka 2011. Lakini ukikuta jarida la mwishoni mwa miaka ya themanini lililoandikwa Classic X-Men, hilo ni marudio tena. Lilianza 1986 kuwapa wasomaji wapya hadithi za 1975 na kuendelea, na matoleo ya mwanzo yana kurasa za nyongeza ambazo hazikuwemo kwenye asili.

Namba 1 ya 1991 ni jarida la pili kabisa, lililotembea sambamba na Uncanny. Claremont aliandika matoleo matatu tu akaondoka. Mchoraji Jim Lee naye akaondoka 1992 kwenda kuanzisha kampuni ya Image Comics pamoja na wenzake. Mfululizo huu umebadilishwa jina mara kadhaa bila namba kuanza upya: ukawa New X-Men kwenye namba 114 (2001), ukarudi X-Men kwenye namba 157, ukawa X-Men: Legacy kuanzia namba 208. Majina matatu, rundo moja.

Baada ya hapo Marvel ilizoea kuanza namba 1 kila mwandishi mpya anapoingia, kwa sababu namba 1 huagizwa zaidi na maduka. X-Men tupu, bila neno lingine, ina namba 1 za 1963, 1991, 2010, 2013, 2019, 2021 na 2024. Uncanny X-Men ina zake za 2011, 2013, 2016, 2018 na 2024. Hizo tayari ni kumi na mbili, na bado sijagusa Astonishing, Gold, Blue na ndugu zao. Hapo katikati, Julai 1997, kuna hata namba hasi 1. Ukiiona usidhani ni kosa la mashine.

Ile ruka ya 35 hadi 600 ni hesabu ya kujumlisha. Uncanny ya kwanza iliishia 544, ya 2011 ina matoleo 20, ya 2013 ina 35. Jumla 599. Toleo lililofuata, mwaka 2015, wakalipa namba 600 ili sherehe ipatikane. Tangu 2018 majarida mengi ya Marvel yanabeba namba mbili jaladani, na ile yenye herufi LGY (kifupi cha Legacy, yaani urithi) ndiyo ya jumla. Usipange kwa hiyo. Iandike pembeni tu.

Na kama utaona pengo la miezi minne mwanzoni mwa 1995, kati ya namba 321 na 322 za Uncanny, hujaibiwa. Marvel ilisimamisha majarida yote ya X-Men kwa hadithi ya Age of Apocalypse na kuyatoa kwa majina ya muda. Uncanny iliitwa Astonishing X-Men, ikaanza namba 1 hadi 4, kisha ikarudi ilipoachia.

Mteja wako sasa. X-Men namba 1 ya 1991 ilitoka ikiwa na majalada matano: manne ambayo picha zake huungana kuwa moja, na la tano linalokunjuliwa likaonyesha picha nzima. Nakala zaidi ya milioni 8 ziliagizwa, rekodi inayotajwa hadi leo. Ila zingatia aliyeagiza. Kufikia wakati huo maduka maalumu ya katuni Marekani yalikuwa yananunua bila haki ya kurudisha, na watu walikuwa wananunua nakala tano tano wakiamini wanaweka akiba ya uzeeni. Nyingi hazikusomwa hata mara moja. Soko hilo liliporomoka, na Desemba 1996 Marvel yenyewe iliomba kinga ya ufilisi. Nakala zile bado zipo, safi, kwa wingi. Mtoze mteja bei ya jarida la kawaida lililotunzwa vizuri. Akizitaka zote tano pamoja, ongeza kidogo kwa ajili ya usumbufu.

Mali ya kweli kwenye boksi kama hilo ni chochote cha 1963 hadi 1970, Giant-Size namba 1, na namba 94 na zile zinazoifuata. Ukiona bei ya pensi badala ya senti usishtuke: nakala hizo zilichapwa Marekani kwa ajili ya soko la Uingereza. Kabla hujaziuza, hesabu kurasa na uangalie kama pini za katikati hazijala kutu, na usibandike stika ya bei kwenye jalada. Bei iandike kwenye karatasi, uiweke ndani ya mfuko wa plastiki, nyuma ya jarida.