Kupima injini ya STI kabla ya kulipa

Ndugu, umesema umeonyeshwa Subaru WRX STI ya lita 2.5 hapo Chumbageni, muuzaji anaapa injini haijaguswa. Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Fika asubuhi, gusa bloku kwa kiganja. Ikiwa ya moto, huenda kuna moshi au mlio wa injini ikiwashwa baridi unaofichwa.

Iwashe, na ikishapata moto izime, pima kompresheni (shinikizo ambalo kila silinda inajenga). Plagi zote nne nje, koili zichomolewe, fyuzi ya pampu ya mafuta itolewe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, starta ipigwe mizunguko mitano hadi saba kwa kila silinda. Angalia tofauti zaidi kuliko namba: ikizidi asilimia 15 kati ya silinda, simama. Injini hizi zinajulikana kwa pistoni kumeguka penye mifereji ya ringi (pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda), hasa silinda namba 4. (Betri iwe nzima, la sivyo zote zitasoma chini.)

Wengine humwagia oili kwenye silinda na kupima tena. Hapa haisaidii sana: silinda zimelala, oili inatulia upande wa chini tu. Bora silinda iliyosoma chini ijazwe upepo wa kompresa, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa. Krenki ishikwe kwa spana, maana upepo huizungusha. Kisha sikiliza: ukivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi, kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi, maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi ya hedi.