Kuhamia mjini na familia: nyumba, shule na njia ya kazini

Mwezi wa Juni na wa Desemba ndiyo miezi ya kuhama, na maswali ya wasomaji yamenifuata kwa kasi hiyo hiyo. Nimechagua sita. Karibu kila mwandishi ameanza na kodi ya nyumba, akamaliza na shule. Mimi huanza na swali jingine: mtoto ataamka saa ngapi? Nikishajua hilo, mengine huwa rahisi kuyapanga.

"Mume wangu amehamishiwa ofisi ya Posta, Dar es Salaam. Tunatoka Mwanza na watoto wawili, wa darasa la pili na la tano. Dalali ametuonyesha nyumba mbili: Bunju, vyumba vitatu na uwanja, 250,000 kwa mwezi, na Kimara Korogwe, vyumba viwili, 450,000. Bunju watoto watapanda gari la shule, 70,000 kwa kila mtoto kwa mwezi. Kimara shule ipo jirani, watatembea, na ada zinakaribiana. Tofauti ya kodi inatuvuta Bunju." — Mama Wawili, Mwanza

Dada, tofauti ya kodi ni 200,000 kwa mwezi, na ni kweli si pesa ndogo. Lakini gari la shule kwa watoto wawili linameza 140,000. Ongeza nauli ya baba: Bunju ni takriban kilomita 30 kutoka Posta. Tuseme atatumia 1,000 zaidi kwa siku kuliko akitokea Kimara. Kwa siku 22 za kazi ni 22,000. Unabaki na 38,000. Hiyo ndiyo faida yenu halisi ya Bunju, na kwa pesa hiyo mnauza usingizi wa watoto wawili na jioni za baba yao.

Gari la shule huwa na njia yake. Halimchukui mtoto wako na kwenda moja kwa moja shuleni, linazunguka mitaa. Mtoto anayechukuliwa wa kwanza huamka saa kumi alfajiri, anakaa barazani na begi mgongoni giza likiwa bado nene, na akipanda analala kichwa kikigonga kioo mpaka shuleni. Kabla hujalipa chochote, muulize dereva mwenyewe, siyo ofisi ya shule: wa kwanza unamchukua saa ngapi, na wa mwisho unamshusha saa ngapi? Halafu muulize huyo huyo dereva: mwanangu atakuwa wa ngapi?

Kimara nayo ina shida zake na sitaki nikufiche. Basi la mwendokasi lina barabara yake, kwa hiyo foleni ya Morogoro Road haitamsumbua sana mumeo. Lakini likifika Korogwe asubuhi limeshajaa kutokea Kimara Mwisho. Wenyeji hupanda la kurudi nyuma, wanageuza nalo kituo cha mwisho ili wapate pa kukaa. Mumeo ajiandae kwa hilo. Pia wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita mkononi, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Kimara hiyo ni 3,150,000 siku ya kwanza. Bunju ni 1,750,000. Kama fungu la uhamisho halifiki huko, mwombeni mwenye nyumba miezi mitatu. Wapo wanaokubali, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu.

Ningechagua Kimara kwa mwaka wa kwanza. Kuna jambo moja tu litakalonibadilisha: kama Bunju, karibu na nyumba hiyo, ipo shule nzuri ambayo watoto wataifikia kwa miguu. Hapo 140,000 zinarudi mfukoni na anayeumia njiani ni baba peke yake. Mtu mzima anaweza kubeba safari ndefu. Mtoto wa darasa la pili asibebeshwe.

"Tunahamia Dar mwezi wa tano kutoka Iringa. Binti yangu yuko darasa la saba. Nimhamishe sasa au nimwache kwa mama mdogo wake amalize?" — Baba Neema

Mwache amalize, kaka. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na watahiniwa husajiliwa mapema katika mwaka. Mwezi wa tano umechelewa, na hata ingewezekana, miezi minne ya kuzoea walimu wapya kabla ya mtihani si zawadi kwa mtoto.

Jiandae tu kwa kitakachofuata. Akifaulu atapangiwa sekondari huko huko alikofanyia mtihani, nawe utaomba uhamisho wa kwenda Dar. Unaanza kwa kupata shule yenye nafasi, mkuu wake aandike kwamba atampokea, ndipo barua ipite kwa mkuu wa shule anayotoka na kwa maofisa elimu. Anza kutafuta nafasi hiyo mara matokeo yakitoka. Shule za sekondari zilizo karibu na barabara kubwa hujaa haraka. Na tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, kwa hiyo atakayekudai "ada ya nafasi" mwombe risiti, utaona atakavyonyamaza.

"Tumepanga Mabibo kwa 350,000. Benki iko tayari kutukopesha milioni 60 kwa miaka 15 tununue nyumba Kinyerezi. Watoto wanasoma Mabibo. Mke wangu anasema tuchukue, mimi nasita." — Msomaji, Mabibo

Umesema kiasi na miaka, hukusema riba. Hapo ndipo penye kila kitu. Tuchukue asilimia 16 kwa mwaka, ambayo si ya ajabu kwa mikopo ya nyumba hapa kwetu. Rejesho la mwezi linakuja kama 881,000. Kwa miaka 15 mtakuwa mmelipa zaidi ya milioni 158 kwa nyumba ya milioni 60. Leo mnalipa 350,000. Je, hizo 531,000 za juu zipo kila mwezi, hata mwezi ambao mmoja wenu ameugua au mshahara umechelewa? Kama jibu linahitaji kufikiri, basi hazipo.

Halafu tazama shule. Mkihamia Kinyerezi, watoto ama wahame shule ama warudi Mabibo kila siku. Wakirudi Mabibo watasafiri kwa daladala na nauli ya mwanafunzi, na anayewajua makonda wa mji huu anajua maana yake. Mwanafunzi husimamishwa pembeni ya mlango mpaka abiria wa nauli kamili waishe, na gari linaweza kuondoka akiwa bado pale pale na sare yake. Nimewaona watoto wa darasa la nne kituoni saa moja na nusu jioni, bado wanangoja konda atakayewakubali. Mtoto wako asiwe mmoja wao kwa sababu ya nyumba.

Najua mkeo anachotaka: kutoka kwenye nyumba ya mtu. Ana haki, na usimjibu kwa "hapana" tupu. Mweleze njia ya pili ambayo familia nyingi za Dar zimepita: endeleeni kupanga karibu na shule, na pesa ambayo ingeenda kwenye riba inunue kiwanja kilichopimwa, mjenge pole pole. Nasisitiza kilichopimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilipima maeneo kama Kibada, Toangoma na Mbweni kwenye mradi wa viwanja 20,000, na mpaka leo mwenye kiwanja huko ana hati, barabara ya mtaa inapitika, na benki ikitazama karatasi zake haikunji uso. Aliyenunua pori kwa karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ana kiwanja pia, lakini siku ya mgogoro karatasi hiyo ni nyepesi.

Vyovyote mtakavyoamua, Kinyerezi au kwingine, fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi kwa namba ya hati kabla ya kutoa hata senti ya kushikia nyumba. Hakikisheni jina ni la muuzaji, hakuna mkopo juu ya nyumba, na miaka iliyobaki kwenye hati inatosha. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na wapo wanaonunua miaka kumi iliyosalia bila kujua. Kama muuzaji ana ndoa, sahihi ya mwenza wake iwepo. Usikubali kuambiwa "amesafiri".

"Ofisi yetu iko karibu na stesheni ya Dar. Morogoro, pale Kihonda, nyumba nzuri ni 150,000. Kwa treni ya umeme siwezi kukaa Morogoro na familia?" — Kijana wa SGR

Wazo zuri, na tangu treni ilipoanza Juni 2024 nimelisikia kwa wengi. Stesheni ya Morogoro iko huko huko Kihonda, safari haizidi saa mbili, na unashuka katikati ya Dar bila kugusa foleni ya Mbezi wala Kibaha. Kwa mwili ni safari nyepesi kuliko ya mtu wa Bunju.

Shida ni mfuko. Nauli ya kawaida iliyotangazwa 2024 ni 13,000 kwenda, 13,000 kurudi. Siku 22 ni 572,000 kwa mwezi. Weka na kodi, umefika 722,000, na kwa pesa hiyo unapata nyumba nzuri Dar yenyewe. Lakini kama mwajiri wako anakutaka ofisini mara mbili kwa wiki, siku nane za mwezi ni 208,000, na hesabu inageuka kabisa. Zungumza naye kwanza, upate maandishi. Kisha soma ratiba: treni ya kwanza inafika Dar saa ngapi, na ya mwisho inaondoka saa ngapi. Kama ya kwanza inafika baada ya saa yako ya kuripoti, mjadala umeisha.

"Ni muuguzi, nina zamu za usiku mjini. Kigamboni nyumba ni nafuu na hewa nzuri kwa watoto. Nipande pantoni au nipite daraja?" — Sista N.

Dada, usichague nyumba kwanza ndipo utafute njia. Kigamboni ni kubwa. Ukitegemea pantoni, panga karibu na Feri, mahali unapofika kwa miguu, maana kuvuka bahari ni dakika chache tu lakini kungoja kuna siku zake. Ukitegemea Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, tafuta upande wa Kibada. Mwenye gari akumbuke tozo kwenye bajeti, kila siku kwenda na kurudi.

Kwa zamu zako ningekuelekeza Kibada. Mtu anayetoka zamu ya usiku akiwa amechoka anahitaji njia moja isiyokatika. Na ulisahau kuniambia nani analala na watoto usiku ukiwa kazini. Kama ni dada wa kazi peke yake, nyumba iwe yenye majirani wa karibu na mita ya umeme ya LUKU ya peke yenu, hata kama uwanja ni mdogo. Umeme ukikatika saa nne usiku kwa sababu mpangaji mwenzio hakuchangia, wewe utakuwa kazini wodini.

Na nenda kuiona nyumba mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Haya nawaambia na wengine wote: bonde lenye kodi ya chini lina sababu. Mvua zinapolifunga bonde la Jangwani, Morogoro Road yenyewe husimama, seuze kichochoro chako.

"Mume wangu yuko Mtumba, Dodoma. Mimi nina duka Kariakoo, watoto ni kidato cha pili na darasa la tatu. Anataka tumfuate mwezi ujao." — Mama Duka

Mwezi ujao hapana, dada. Januari, ndiyo. Mtoto wa kidato cha pili ana mtihani wa taifa mwezi Novemba, na huo ndio unaomruhusu kuingia cha tatu. Mpaka hapo shemeji aje yeye: nauli ya kawaida ya treni ya umeme iliyotangazwa 2024 ni 31,000 kwa safari, mara nne kwa mwezi kwenda na kurudi ni 248,000. Ni gharama, lakini ni ya miezi michache na inajulikana.

Muda huo autumie kutafuta nyumba upande wa mashariki, Nzuguni au Ihumwa, kwa kuwa Mtumba iko barabara ya kwenda Dar. Wengi huchukua Nkuhungu kwa sababu rafiki yupo, halafu kila asubuhi wanakatisha mji mzima. Aulize pia nyumba ina tangi la lita ngapi, kwa sababu Dodoma maji huja kwa zamu. Shule ya mdogo aitafute akiwa huko, atembelee wakati wa kutoka, ahesabu watoto wangapi wanatoka mlango mmoja wa darasa.

Na duka usilifunge mpaka ujue utauza nini Dodoma. Mpe binamu au msaidizi unayemwamini alisimamie miezi mitatu ya mwanzo, stoo ihesabiwe kabla ya kuondoka na muandikishane. Kariakoo mlango ukishauachia, kuupata tena kwa kodi ile ile ni kazi.