Injini inachemsha baada ya kubadilishiwa mipira ya maji: ninunue pampu?

SWALI: Shikamoo fundi. Naangalia boti ya tanga ya futi 36 hapa Kilifi. Injini ni dizeli ya silinda tatu, inatumia kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini), na kulanti yenyewe inapozwa na maji ya chumvi. Wiki iliyopita nilibadilisha mipira miwili iliyokuwa imechakaa, nikajaza kulanti hadi mdomoni. Tangu siku hiyo, ikikaa dakika kumi hivi, mshale wa joto unapanda ghafla, king'ora kinalia, kisha mshale unashuka wenyewe. Maji ya ekzosi (ya chumvi, yanayotoka pamoja na moshi) yanatoka vizuri. Themostati (valvu inayofunguka kulanti ikipata moto) nimeichemsha kwenye sufuria, inafunguka. Nimeambiwa pampu ya kulanti imekufa. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Pampu iliyokufa haifufuki baada ya dakika mbili, na mshale wako unashuka wenyewe. Hiyo ni hewa imekwama ndani: pakiwa na mvuke kwenye sensa mshale unaruka, kulanti ikipita unatulia.

Kwanza niambie, ulimwaga lita ngapi na umerudisha ngapi? Kama ulimwaga tano na zimeingia nne tu, basi ile lita moja iliyobaki nje ndiyo hewa iliyo ndani. Mimi humwagia kwenye ndoo yenye alama za lita kwa sababu hiyo. Nilijifunza kwa aibu: kuna mwaka nilimnunulisha mwenye boti pampu mpya, nikaifunga, na injini ikachemsha vilevile.

Pampu ya kulanti husukuma kwa mapanga yanayozunguka bila kugusa ukuta. Yakikutana na hewa yanazunguka patupu, na kulanti inasimama pale pale. Ile ya maji ya chumvi ina impela (gurudumu la mapanga) ya raba inayobana ukuta, kwa hiyo hujivutia maji yenyewe hata mpira ukiwa na hewa. Ndiyo maana ekzosi yako inatema maji vizuri huku ndani kunachemka. Wengi wanadanganyika hapo.

Sasa hewa iko wapi? Iko mahali pa juu kabisa, na kwenye boti ya tanga mahali hapo mara nyingi si mdomo wa kujazia. Injini imesukumwa chini ya ngazi, lakini tangi la kupasha maji ya kuogea limefungwa chini ya kiti, juu kuliko injini. Kulanti huenda huko kwa mipira miwili na kurudi. Ukijaza kwenye injini, ule mpira wa juu unabaki na hewa tele. Iguse mipira hiyo injini ikiwa imepata moto: kama mmoja unaunguza na mwenzake ni wa baridi kabisa, umempata mwizi wako.

Fanya kazi hii asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Mfuniko usiuguse kukiwa na moto: injini nyingi za aina hii mfuniko wake hubana shinikizo la karibu bar 0.9, na ndani kulanti inaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua inachemka papo hapo, na inakurukia usoni.

Boti iwe wima, isilalie upande. Upande wa mbele wa injini, wenye themostati na mdomo wa kujazia, uwe juu kidogo. Kwenye boti nyingi umeshakuwa hivyo kwa sababu ekseli ya propela inashuka kwenda tezi, yaani nyuma ya boti. Ukitaka kuuinua zaidi, weka madumu ya maji na watu wawili watatu tezini. Nimefanya hivyo na vijana wa boti, wakanicheka, lakini hewa ilitoka. Kama injini yako imefungwa kinyume, watu waende omo, yaani mbele.

Legeza klampu ya mpira wa juu kwenye tangi la maji ya moto, uvute mpira kidogo tu. Jaza polepole kwenye injini. Kama mpira huo uko juu kuliko mdomo, kulanti haitaufikia: ushushe kwanza, au ujaze moja kwa moja kwenye mpira kwa faneli. Kamua mipira kwa mkono kama unayekamua nguo. Utasikia inakoroma. Itakapotoka kulanti tupu, isiyo na povu, kaza klampu.

Fungua valvu ya maji ya bahari, usisahau, la sivyo impela inaungua. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, izunguke polepole bila kuongeza mafuta (silensa). Kulanti itashuka, ongeza. Themostati ikifunguka kiwango kinashuka tena, ongeza tena. Funga mfuniko, jaza chupa ya akiba ya kulanti nusu, zima, iache ipoe. Kesho yake angalia tena. Huwa inataka kikombe kimoja kingine.

Angalia pia themostati umeirudisha vipi. Kama ina kitundu kidogo chenye kipini, kitundu kiwe juu, ili hewa ipite ingali imefungwa. Ukikiweka chini umeizibia njia.

Sasa, ukirudia mara tatu na bado vipovu vidogo kama vya soda vinatoka mdomoni, na chupa inanuka moshi, hiyo si hewa ya kujazia. Ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha silinda) na injini. Zima injini, usiongeze kulanti tena, hedi ifunguliwe.