Mitungi Miwili kwa Nusu Saa

Jumanne usiku nilikuwa ndani ya matatu, Thika Road imefunga kabisa, ujumbe ukaingia kwenye simu. Kijana wa Githurai, kidato cha nne. Anacheza Final Fantasy X, gemu ya PlayStation 2 (PS2), kwa emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu, kwenye simu ya dadake, na amekwama kwa adui mmoja mkubwa. "Kaka, huyu Yunalesca amenichapa wiki tatu. Ni mimi sina akili ama ni gemu ndiyo mbovu?"

Niliusoma mara tatu. Nilikuwa nimejiuliza swali hilo hilo, kwa huyo huyo Yunalesca, nikiwa karibu na umri wake, na jibu lilinigharimu pesa. Nilimjibu kwa swali moja fupi (nitalifikia) nikamwahidi kuandika haya kwa kirefu.

Mwaka 2008 tulikuwa tunakaa Umoja. Nyuma ya bucha moja palikuwa na kibanda cha mabati chenye TV nne, PS2 nne zilizochipiwa ili zikubali diski za kunakiliwa, na rundo la diski hizo kutoka Luthuli Avenue. Vijana wote walienda kucheza mpira wa kwenye TV, wakilipa kwa mechi. Mimi nilikuwa peke yangu mwenye kuomba RPG, zile gemu ndefu za kusafiri, kusoma maneno mengi na kupigana kwa zamu, na kwa kuwa safari haina mechi, mwenye kibanda alinitoza kwa muda: shilingi 20 kwa nusu saa.

Pesa ilitoka kwa maji. Mfereji wa ploti yetu ulikuwa ukikauka siku kadhaa kila wiki, nami nilibeba maji hadi ghorofa ya tatu na ya nne, shilingi 10 kwa mtungi wa lita 20. Mitungi miwili, nusu saa. Mama alijua, na hakupenda. Alisema mabega yangu yanapeleka pesa ya unga kwa TV ya mtu mwingine. Lakini matokeo ya shule hayakushuka, na Kiingereza changu kilipanda kwa sababu ya kusoma mazungumzo ya Tidus na Auron, wahusika wa Final Fantasy X, kwa hivyo aliniacha.

Nayasema haya ili uelewe kwa nini sina subira na watu wanaosema gemu ngumu ni gemu nzuri, basi. Wanaosema hivyo wengi wao walichezea sebuleni kwao. Kwangu kila kifo kilikuwa na bei. Nikifa, nilijua nimebeba mitungi mingapi kufika pale, na nilijua kama nimepata kitu au nimeibiwa.

Hicho ndicho kipimo changu mpaka leo. Ugumu wa haki hukuua ukaamka na habari mpya. Ugumu wa dhuluma hukuua ukaamka vile vile ulivyolala, ila umepungukiwa na saa moja ya maisha yako.

Chukua RPG ya Dragon Quest ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1986. Ukifa, unaamka mbele ya mfalme, nusu ya dhahabu yako imeenda, lakini uzoefu wote ulioupata unabaki nao. Umeadhibiwa, na bado umesonga mbele. Huyo ni mwalimu anayechapa na bado anasahihisha daftari. Mwaka uliofuata ikaja ya pili, na kwenye Famicom, mashine ya Nintendo ya wakati ule, hapakuwa na kusevu: ulipewa nenosiri ambalo liliweza kufika herufi 52, ulinakili kwa mkono, na ukikosea herufi moja safari yako yote haifunguki. Mtoto aliyenakili "wa" badala ya "ne", herufi za Kijapani zinazofanana, alijifunza nini kuhusu mapigano? Hakuna. Nikisoma habari za watoto wale wa Japani moyo huniuma, maana yaliyonipata mimi yanafanana na yao, kama utakavyoona.

Sasa Yunalesca. Wewe kijana wa Githurai, ukifika hapa acha kusoma, urudi ukishampiga.

Yuko Zanarkand, karibu na mwisho wa safari, na ana maumbo matatu. La kwanza lina nguvu za uhai 24,000, la pili 48,000, la tatu 60,000. Kabla ya kupigana naye kuna mazungumzo marefu, na katika toleo la PS2 huwezi kuyaruka. Ukishindwa, unarudi pale uliposevu na kuyasikiliza tena. Ni mazungumzo mazuri sana, nililengwa na machozi mara ya kwanza. Mara ya sita nilikuwa nalipia shilingi zangu kutazama midomo ikifunguka na kufunga. Nusu saa ilinitosha jaribio moja, basi. Nikishindwa, nje, kwa mfereji.

Hiyo ni dhuluma, na naitaja kwa jina lake hata kama gemu yenyewe naipenda kuliko nyingi. Kunilazimisha kutazama tena kitu ninachokijua hakupimi akili yangu wala uvumilivu wangu. Kunapima mfuko.

Lakini pigano lenyewe! Umbo la pili linawatia watu wako uzombi. Ukiwa zombi, dawa inakudhuru badala ya kukuponya, kwa hivyo mtu yeyote mwenye akili timamu anakimbilia maji matakatifu na kuwasafisha wote. Nami nilifanya hivyo kila mara. Kisha anageuka umbo la tatu, na kitu cha kwanza anachofanya ni kurusha Mega Death. Wote chini. Gemu imeisha.

Nilipigwa hivyo mara nane. Nilinuna. Nilienda shuleni nikiwa nimenuna. Nilidhani dawa ni kupandisha levo, nikatumia Jumamosi tatu nikizunguka Mlima Gagazet kuua wanyama, mitungi juu ya mitungi, nikarudi na nguvu tele, na Mega Death ikatulaza wote kama kawaida.

Mara ya tisa niliishiwa na maji matakatifu. Nilikuwa nimebaki nayo mawili, nikamsafisha Yuna na Tidus, Auron nikamwacha na uzombi wake kwa sababu sikuwa na la kufanya. Umbo la tatu likaja. Mega Death. Yuna chini. Tidus chini. Auron amesimama.

Nilisimama na mimi, padi mkononi, mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nimekanyaga waya. Mega Death inaua walio hai. Zombi tayari ni maiti, haimgusi. Ile laana niliyokuwa nikiifuta kwa bidii kwa majuma yote yale ndiyo iliyokuwa ngao. Auron alikufa dakika mbili baadaye na sikujali hata kidogo. Nilitoka pale mbio, nikabeba maji jioni ile hadi vidole vikakufa ganzi, na kesho yake nikamwangusha Yunalesca nikiwa na dakika chache za kulipia zilizobaki. Kundi la mpira liliacha mechi zao na kuja kutazama. Mpaka leo sijashinda kitu kikaniingia mwilini namna ile, na nina shahada na kazi.

Tazama basi: katika pigano moja mna yote mawili. Pigo la kwanza la Mega Death ni kali, wengine wataliita la hila, lakini jibu lilikuwa mbele yako wakati wote, juu ya miili ya watu wako mwenyewe. Levo hazikuhitajika. Kilichohitajika ni kuona. Na kijana wangu wa Githurai ana bahati ambayo mimi sikuwa nayo: emuleta inamruhusu kusevu baada ya mazungumzo, mlangoni kabisa mwa vita. Dhuluma ameondolewa. Kilichobaki kwake ni ugumu mtupu wa haki, na ndiyo maana sikutaka kumpa jibu.

Lililofuata sipendi kulieleza lakini nitalieleza. Kibanda kilikuwa na memori kadi moja ya megabaiti 8 kwa kila mashine, ya kila mtu. Wiki moja baada ya ushindi wangu kijana mmoja mkubwa kuliko mimi alitaka nafasi ya kuweka ligi yake ya mpira. Akafuta safari yangu niliyosevu. Hakuniuliza. Nilipolalamika aliniambia ile ni gemu ya katuni, nianze tena. Mwenye kibanda alinipa nusu saa ya bure kama pole.

Nusu saa. Kwa miezi minne ya mitungi.

Sikuanza tena. Nimekuwa mtu mzima na bado nikimwona mtu anayefanana naye stendi ya Umoja, shingo inakaza. Nimemsamehe kwa maneno. Kwa hivyo kama unashiriki mashine na wenzako, sevu mara mbili, mahali pawili, na moja iwe kwa kadi unayotembea nayo mfukoni. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza na sitaulainisha.

Mwaka 2009 nilihamia kibanda kingine wakanipa RPG nyingine, Shin Megami Tensei III: Nocturne, nikakutana na adui aitwaye Matador. Waliocheza wanajua. Pigano la Nocturne huenda hivi: ukimgonga adui penye udhaifu wake unapata zamu ya ziada, ukikosa unapoteza zamu mbili, na sheria hiyo hiyo inamfaidi adui. Matador anaanza kwa Red Capote, wepesi wake unapaa hadi juu kabisa, na kuanzia hapo unarusha ngumi hewani huku zamu zako zikiyeyuka. Nilijaribu mara nne. Ya nne stima ikapotea mtaa mzima, nikaweka padi chini, nikaenda nyumbani nikiamini gemu ile imetengenezwa na watu wenye roho mbaya.

Mwezi uliopita nilinunua PS4 iliyotumika, nikaweka Nocturne iliyosafishwa upya ya mwaka 2021. Ina kiwango chepesi cha kucheza, na sina neno na atakayekichagua, ila mimi nilikuwa na deni. Safari hii nilikuwa na daftari. Kila nilipokufa niliandika mstari mmoja: nimejua nini? Kifo cha kwanza: Red Capote huja mapema. Cha pili: tukikosa mara moja, zamu mbili zimeenda. Cha tatu: pigo lake la upepo linamgonga pepo dhaifu kati ya mapepo wanaopigana upande wangu, na kumpa Matador zamu. Kifo cha tano niliandika tu "Fog Breath?" Nilikuwa nayo tangu awali, inashusha wepesi wa adui, na sikuwahi kuiona kama silaha kwa sababu haileti damu. Nikavaa magatama, kifaa cha kumpa mhusika wangu kinga, ya kuzuia upepo, nikawatoa mapepo wote wanaoumizwa na upepo, nikampulizia ukungu kila alipojipandisha. Jaribio la saba akaanguka. Ilikuwa saa nane usiku. Nilitaka kumpigia mtu simu na hapakuwa na wa kupigia.

Gemu haikubadilika kati ya 2009 na sasa. Sheria ni zile zile. Nilichokosa utotoni ni kusoma kifo changu. Ndiyo maana nakusihi, ndugu yangu unayesoma haya: andika. Usiseme utakumbuka, hutakumbuka, hasira hufuta kila kitu. Kufa, andika, rudi. Ukipata vifo vitatu mfululizo bila mstari mpya daftarini, ama umeacha kutazama ama gemu imeacha kukufundisha, na ni lazima ujue ni lipi kati ya hayo mawili kabla hujaipa gemu hata dakika nyingine.

Na Nocturne si malaika. Mhusika wako mkuu akianguka, safari imekwisha, hata kama wenzake watatu wamesimama wazima wakiwa na dawa. Kwa nini wasimfufue? Hapo sijapata mstari wa kuandika na sitajifanya nimeupata.

Kuna dhuluma nyingine ambayo daftari haliwezi kuitibu. Final Fantasy XII ya mwaka 2006 ina mkuki, Zodiac Spear, silaha kali kuliko karibu zote. Kasha lake liko Necrohol of Nabudis, mbali sana ndani ya safari. Ila ukiwa umefungua lolote kati ya makasha manne fulani ya huko nyuma, moja lao likiwa Lowtown mjini Rabanastre, mwanzoni kabisa, basi kasha hilo halitakupa mkuki. Hakuna anayekuambia. Hakuna mzee wa kijiji anayekuonya, hakuna maandishi ukutani. Gemu inakufundisha kufungua makasha kisha inakuadhibu kwa kutii. Mahali kama hapo tafuta mwongozo bila haya yoyote. Anayekucheka kwa kutazama mwongozo wa Zodiac Spear anakucheka kwa kukataa kuibiwa. Lakini Yunalesca? Matador? Usitazame. Nakuomba kwa moyo wote, usitazame. Utajinyima Auron wako amesimama peke yake, na siku hiyo haiji mara mbili.

Swali nililomwandikia kijana wa Githurai nikiwa mle ndani ya matatu ni hili: una maji matakatifu mangapi?

Akajibu kabla hatujafika Roysambu: 99, kaka, nimejaza kabisa.

Nikamwambia aingie tena, jaribio moja tu, asitumie hata tone, hata akiona mambo yanaharibika, kisha aniandikie ni nani alibaki amesimama. Jana dadake alikuwa na simu yake kazini. Nasubiri leo jioni.