Nilivyopata Gold kwa Kugeuza na Ndege Ileile

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Buzuruga aliniandikia: "Shikamoo mama. Nasikia huwa unapanda ndege Nairobi, ikitua tu unageuza nayo hiyohiyo. Ni kweli au wanakusingizia? Na unapata nini?"

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyenisingizia. Nilichokuwa nakitafuta nimekipata mwezi uliopita: kadi yangu ya Flying Blue, ile ya kuwazawadia wanaopanda ndege mara kwa mara, sasa inasomeka Gold, yaani hadhi ya juu. Na kwa kuwa wengi mmeniuliza jambo hilohilo, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, nawajibu wote kwa pamoja.

Wanaonifahamu wanajua nauza spea za mashine za boti pale Kirumba. Mzigo mkubwa unakuja kwa meli, hilo halina maneno. Lakini kuna vitu vidogo vizito ambavyo mteja anavitaka leo: propela, karibureta, seti za gasketi. Mvuvi wa Ukerewe mashine ikimfia katikati ya giza la mwezi, msimu wa dagaa wenyewe huo, hakuulizi bei mara mbili. Vitu hivyo navibeba mwenyewe kutoka Guangzhou, kwenye begi, nimevifunga kwa vitenge ili visigongane.

Sasa siku moja, kwenye uwanja ambao sitautaja, begi langu lilizidi kilo. Binti wa kaunta akaniambia nishuke pembeni, nifungue, nipunguze. Pembeni kwenyewe ni chini, kwenye vigae, mbele ya foleni nzima. Nikapiga magoti. Nikatoa propela, nikatoa khanga, nikatoa na vile ambavyo mwanamke hatoi mbele za watu. Wakati nahangaika, bwana mmoja akapita upande wa zulia na mabegi yake makubwa, akapokelewa kwa tabasamu, akapewa pasi yake, akaenda. Nikamuuliza yule binti, mbona huyu hapigi magoti? Akajibu bila kuniangalia: "Yule ni Gold, mama."

Nikalipa kilo zilizozidi. Lakini neno lile nililibeba mpaka Mwanza.

Nieleze kwa ufupi, maana hapa ndipo wengi mnapotea. Flying Blue ni mpango wa wasafiri wa Air France na KLM. Kenya Airways wamo pamoja nao katika SkyTeam, umoja wa mashirika ya ndege, tangu 2010, kwa hiyo ukiruka na Kenya Airways unaweza kuweka namba yako ya Flying Blue. Mimi yangu niliipata zamani, enzi Kenya Airways wenyewe walipokuwa wanatumia mpango huo. Hadhi inahesabiwa kwa pointi zinazoitwa XP. Kutoka chini kwenda Silver unahitaji 100, kutoka Silver kwenda Gold 180, kwenda Platinum 300. Kila hatua una miezi 12. Ukiifikia, pointi za hatua ile zinakatwa, zinazobaki unasonga nazo, saa inaanza upya.

Utamu uko kwenye namna wanavyopima njia. Safari yoyote ya kimataifa isiyozidi maili 2,000, yaani kama kilomita 3,200, ni kundi moja: XP 5 daraja la kawaida, XP 15 daraja la biashara. Nairobi kwenda Johannesburg, karibu kilomita 2,900, ni 15. Nairobi kwenda Kilimanjaro, ambayo haifiki hata kilomita 300, ni 15 vilevile! Chai haijapoa umeshatua. Na Guangzhou niliyokuwa naisotea usiku kucha, miguu imevimba? Daraja la kawaida ni XP 12 tu kwa kipande kile kirefu. Kwenda na kurudi, ukijumlisha na kipande cha Dar hadi Nairobi, unapata 34. Asubuhi moja ya Nairobi–Kilimanjaro–Nairobi ukiwa umekaa mbele, daraja la biashara, inakupa 30. Nilipoifanya hesabu hii nyuma ya kitabu cha risiti dukani, nilifunga duka mapema.

Safari za ndani ya nchi ziacheni, nimeona mmoja anawashauri watu Kisumu–Nairobi kwa kuwa basi la kutoka kwetu linafika Kisumu. Ndani ya nchi ni XP 2 kwa daraja la kawaida. Utazeeka. Na wanaoniuliza kuhusu Mwanza–Dar na ndege zetu: hata ungegeuza kila siku, Air Tanzania haimo katika SkyTeam, hivyo hapo hakuna XP ya kuokota.

Kwa nini ndege ileile? Kwa sababu ndege ya Kenya Airways nyumbani kwake ni Nairobi. Ikija Kilimanjaro, Entebbe au Kigali, mara nyingi hailali, inashusha, inapakia, inarudi. Kwa hiyo ikichelewa kuja, na kurudi inachelewa. Ndege ya kukurudisha haiwezi kuondoka kabla wewe hujafika, kwa sababu ndiyo iliyokuleta. Watoto wa Kamanga wamekuwa wakifanya hivi na kivuko tangu sijaolewa, wanavuka na kurudi bila kushuka, tofauti ni kwamba wao hawapewi kadi. Ila uanzie Nairobi. Ukianzia Dar unavuruga, kwa sababu ndege iliyokufikisha Nairobi inaweza ikapelekwa kwingine na wewe ukabaki unahesabu muda wa kuunganisha.

Ndiyo maana nilikuwa napanda basi Mwanza, Lamadi, Tarime, nagonga pasipoti Sirari, nashuka Nairobi kwa mpwa wangu anayekaa Embakasi. Habari za basi hazina raha, naziruka.

Wacha niwasimulie ya Kilimanjaro, kwa sababu hiyo ndiyo mtakayokutana nayo. Tumetua, tumeshuka ngazi, hewa ya asubuhi, mlima umejifunika. Nikamwambia binti mwenye redio ya mkononi pale chini kwamba narudi na ndege hii. Akaniangalia mikono mitupu, akasema, "Pita uhamiaji kwanza mama." Nikapita.

Afisa alikuwa kijana, mchangamfu. "Karibu nyumbani mama. Mizigo?"

"Sina."

"Unaelekea wapi? Moshi, Arusha?"

"Nairobi."

"Si ndiko unakotoka?"

"Ndiko."

Akafunga pasipoti, kidole chake kikiwa ndani. Akaifungua tena, akaanza kupekua kurasa toka mwanzo. Kenya kutoka, Kenya kuingia, Kenya kutoka, tarehe ileile. "Sasa ndege ya kukurudisha ni ipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole kupitia kioo. "Ile pale."

Akamwita mkubwa wake. Na hapa ndugu zangu msinune, weka akili yake kichwani mwako: mtu anaingia nchi na kutoka ndani ya saa moja, hana begi, anakaa daraja la biashara. Wewe ungefikiri nini? Dhahabu, au unga. Mkubwa akaja, nikamsalimia vizuri, nikafungua programu ya Flying Blue kwenye simu, nikamwonyesha mstari wa XP unavyopanda, nikamweleza kilo zangu za propela. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama na yeye anaweza kujiunga. Nikagongewa kuingia, nikazunguka upande wa pili nikagongewa kutoka, wino wa kwanza haujakauka. Nilipopanda ngazi mhudumu alicheka: "Karibu tena mama. Kiti kilekile?" Kilekile. Nikaomba juisi ya embe.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: sema ukweli, wote, tangu swali la kwanza. Usijitungie mgonjwa wala mkutano. Maafisa wanaulizwa na wakubwa wao, na uongo wa dakika arobaini ni rahisi kuushika. Pasipoti iwe na kurasa za kutosha, maana zinaisha kama hujui zinakokwenda. Kadi ya homa ya manjano uwe nayo mkononi, hasa Entebbe. (Entebbe naipenda, kusema kweli. Ndege inashuka juu ya ziwa letu hilihili, unaona mitumbwi ya wenzetu.)

Usibebe mzigo. Mkoba tu, unaoingia chini ya kiti. Cheki-in ya safari zote mbili uifanye kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, na pasi ya kurudia uichapishe kabisa kwenye karatasi. Simu ikizima hakuna wa kukusubiri. Kaa mbele. Geti linafungwa kabla ya muda wa kuruka, na ndege ndogo kama zile za Embraer hazikai chini muda mrefu.

Halafu angalia usajili wa ndege, ile namba iliyoandikwa karibu na mkia. Ya Kenya inaanza na 5Y, ya kwetu 5H. Kwenye Flightradar24, programu ya kufuatilia ndege, unaona kama ndege iliyopangwa kwenda ndiyo iliyopangwa kurudi. Zikiwa mbili tofauti, hapo si kugeuza tena, hapo ni kubahatisha. Na usichukue safari ya mwisho ya siku. Ikifutwa utalala uwanjani na tabasamu lako.

Namba ya uanachama iingie kwenye tiketi kabla ya safari, jina liwe sawasawa na la kwenye pasipoti. Kabla ya kulipa, tazama herufi ya daraja la tiketi yako, kwa sababu si kila tiketi ya bei chee inaleta pointi. Pasi zako usizitupe mpaka XP zimeonekana. Narudia: usizitupe.

Tiketi za mbele kwa njia fupi si bure, najua mtauliza. Nilikuwa nanunua mapema, bei zikishuka, kwa fedha ya faida ya duka na si ya mtaji. Nilikuwa sinunui vitenge vya kila harusi. Nilikuwa sichangii kila sherehe ya ubatizo. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shemeji yangu mmoja aliandika kwamba mjane wa kaka yao amepata wazimu, anapanda ndege kama daladala na hata hashuki mjini kusalimia watu. Wakamwekea vicheko, mmoja baada ya mwingine. Nimewasoma wote. Majina ninayo.

Mwezi uliopita nilitoka Guangzhou kwa mara ya kwanza nikiwa Gold. Gold ya Flying Blue ndani ya SkyTeam ni Elite Plus: foleni yako ya peke yako, launji, na begi moja zaidi juu ya yale ya kwenye tiketi. Sikupiga magoti. Binti wa kaunta, mwingine, alinisaidia hata kulibandika lebo. Na kabla sijatoka hotelini, shemeji yuleyule alikuwa ameshanipigia: ana mtu wake kule, kuna kifurushi kidogo, kwa kuwa sasa nina begi la bure... Nilimwambia hapana, na nawaambia ninyi nanyi mseme hapana. Kifurushi cha mtu usikibebe, awe shemeji, awe mchungaji. Hadhi yako inaweza kuishia gerezani kwa sababu ya boksi la simu usilolifungua. Watu wanaokucheka ukilima hawana haki ya kuja na vikapu wakati wa mavuno, na vijana mjifunze kuwa na siri zenu, mwekeze kimyakimya, muache kutangaza kila shilingi kwenye stetasi.

Jambo jingine, msichelewe. Marekani mashirika makubwa yameshahamia kwenye kuhesabu fedha unayotumia badala ya njia unayoruka. British Airways, ambao Waingereza walikuwa wanageuza nao mpaka wana jina la mchezo huo, walibadilisha tarehe 1 Aprili 2025: sasa ni pointi kwa kila pauni, safari fupi ya ujanja haina faida tena. Hizi XP za Flying Blue nilizozitumia mimi zilikuwa zinahesabu umbali na daraja. Soma sheria zao siku unayonunua, usinisome mimi tu.

Na kama husafiri mbali na mzigo angalau mara moja kwa mwaka, hili si lako. Chukua risiti za kilo ulizolipia mwaka jana, uzijumlishe, uweke pembeni ya bei ya tiketi. Mimi zangu zilijaa bahasha ya khaki. Mteja wangu mmoja wa Sengerema aliniletea za kwake tukajumlisha pamoja dukani, hazikufika hata nusu ya tiketi moja, nikamwambia aongeze injini dukani kwake aachane na mambo ya zulia. Alinuna kidogo, lakini ameongeza.

Sasa saa yangu imeanza upya, nahitaji 180 nyingine kabla miezi 12 haijaisha ili nibaki Gold. Safari ijayo ya Guangzhou itanipa 34. Zinazobaki nimezipanga Entebbe, giza la mwezi likipita na wavuvi wakiwa wamenilipa madeni yao.