Gramu 300 za stroberi ni vikombe vingapi?
Swali lako halina jibu moja, kwa sababu kikombe hupima nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na tunda pamoja na hewa iliyobaki kati ya vipande. Kikombe cha mililita 240 hubeba takriban gramu 145 za stroberi nzima, gramu 165 zikikatwakatwa, na gramu 230 hivi zikisagwa zikawa rojo. Kwa hiyo gramu zako 300 ni vikombe viwili na kidogo zikiwa nzima, chini kidogo ya viwili zikiwa vipande, na kimoja na theluthi zikiwa rojo. Ndizi nazo ni vivyo hivyo: vipande vyake ni gramu 150 kwa kikombe, lakini zikipondwa hufika 225. Angalia kwa makini kama mapishi yanataka upime kabla ya kuponda au baada yake, na upime tunda lililokwisha kumenywa na kutolewa kokwa. Kwa keki ningekusihi utumie mizani, maana unyevu wa tunda ukizidi, katikati hubaki pabichi hata kama juu pameiva vizuri.